Barua ya wazi kwa wenye uwanja wa bembea: muda mnaupoteza kwenye tiketi, mnaufidia kwenye mkanda

Waungwana,

Assalaam alaykum, na asiyeitikia hiyo, habari za siku. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu na fizikia, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na mpenda bembea tangu zile za kamba na mbao zilizokuwa zikisukumwa kwa mikono wakati wa sikukuu. Uwanja wenu sitautaja. Mnajijua, na wazazi tuliosimama nao Idd pili wanawajua.

Habari imeenea mjini kwamba kufikia Mfungo Tatu mtakuwa na rola kosta mpya, ile treni ya bembea inayopanda na kuporomoka relini. Barazani kwetu kahawa haijapoa, vijana wameshaifungua bolti kwa bolti. Hawa ni vijana wanaozijua rola kosta za dunia kama wanavyokijua kikosi cha Coastal Union. Watakwambia Kingda Ka ya New Jersey, iliyokuwa na urefu wa mita 139, ilifungwa 2024 na mwaka uliofuata ikaangushwa kwa baruti. Watakwambia Formula Rossa ya Abu Dhabi inakwenda kilomita 240 kwa saa, na wanaokaa mbele huvaa miwani ya kukinga macho. Watakwambia Wasaudia wamejenga Falcon's Flight huko Qiddiya, nje ya Riyadh, ili waipite hiyo kwa kasi ya 250. Zote wamezipanda kwenye simu. Aliyepanda moja kwa makalio yake ni mpwa wangu tu, aliyefanya kazi ya hoteli Abu Dhabi, na ukimuuliza habari za kasi anasema hakumbuki, alifumba macho. Anachokikumbuka ni ubao uliokuwa kwenye foleni ukisema dakika ngapi zimebaki, na kwamba ubao ule haukumdanganya.

Msije mkadhani nimekuja kuipinga mashine yenu mpya. Naitaka kuliko hao vijana. Joka, hiyo bembea ya relini mliyonayo sasa, mniwie radhi, si rola kosta. Mota yake inalivuta toka mwanzo hadi mwisho, kama bajaji iliyopandishwa relini. Rola kosta yenyewe hupandishwa mara moja, kwa cheni, mpaka kileleni; cheni ikishaachia, hakuna injini tena, ni uzito wake na mteremko. Ndiyo maana kilima cha kwanza hupita vingine vyote kwa urefu: msuguano wa magurudumu na upepo unakula kidogo kidogo kile ilichopewa pale juu, hivyo haiwezi tena kurudi kimo kile. Somo hilo nimelifundisha miaka na miaka kwa kuchora gololi na bakuli ubaoni. Mwanafunzi kulisikia tumboni mwake, pale kiti kinapoporomoka sawasawa na yeye anavyoporomoka na makalio yakabaki hewani, hiyo ni maabara ambayo hakuna shule ya mji huu iliyowahi kuwa nayo.

Shida yangu ni jukwaa la kupandia.

Idd pili nilikuja na mjukuu wa dada yangu, binti wa miaka saba. Gauni la lesi la pinki linalochoma shingoni, hina mpaka viwikoni, na pochi ndogo yenye noti moja ya elfu tano ambayo alikataa katakata niishike. Tukakata tiketi saa tisa na dakika 20 alasiri. Tukaingia kwenye foleni iliyoanzia jukwaani, ikauzunguka mti wa mkungu, ikapita nyuma ya jenereta, ikaishia kwa muuza mihogo. Muuza mihogo siku ile alikuwa anacheka peke yake.

Saa kumi na moja na dakika 45, tiketi imelowa jasho mpaka wino umehamia kiganjani juu ya hina, binti akakanyaga ngazi ya jukwaa. Kijana wenu akamsimamisha kwenye nguzo ya kipimo, akamwekea mkono utosini, akasema, "Huyu mfupi." Nikauliza habari ya tiketi. "Mama, tiketi ikishakatwa hairudi." Nyuma yetu watu wakaanza kupiga miluzi tupishe njia.

Kwa mstari ule aliopewa, kijana alikuwa na haki ya kumzuia, na nalisema hadharani ili wazazi wenzangu walisikie. Kile chuma cha mapajani kimetengenezwa kwa mtu ambaye magoti yake yanafika ukingo wa kiti. Mtoto mfupi miguu inaning'inia, chuma kinashika hewa, na kwenye kona ya kwanza anateleza chini yake kama dagaa kwenye wavu wa changu. Nilimwona mama mmoja akimvalisha mwanawe kandambili mbili mbili, moja juu ya nyingine, ili avuke mstari. Nilitamani kumnyang'anya. Lililonichoma mimi ni kwamba binti alipimwa baada ya saa mbili na nusu za jua, wakati dirisha la tiketi lina ukuta mzima wa kuchora mstari.

Mwenyewe hakulia. Alifungua pochi, akanunua ubuyu, akaketi kwenye mzizi wa mkungu akawa anaangalia wenzake wanavyozunguka. Aliyekasirika ni mimi, na mwalimu wa hesabu akikasirika huanza kuhesabu.

Idd tatu nikarudi peke yangu na daftari. Saa tisa kamili mpaka saa kumi kamili, chini ya mkungu ule ule. Joka lina magari matano, kila gari viti vinne, jumla viti 20. Linazunguka raundi tatu kwa dakika moja na nusu. Katika saa nzima liliondoka mara sita. Viti vilivyopita jukwaani vilikuwa 120, watoto waliokaa 97. Viti 23 vimeondoka vitupu, na foleni niliyoihesabu kichwa kwa kichwa ilikuwa na watu 240.

Safari ya dakika moja na nusu, kila baada ya dakika 10. Hizo nane na nusu nyingine zinakwenda wapi? Nikazipima, nikachukua wastani. Dakika moja na nusu ni za kushuka, maana wanaoshuka wanatokea ngazi ile ile wanayopandia wenzao, wanakutana katikati kama mbuzi kwenye daraja. Tatu zinakwenda kwenye tiketi: kijana mmoja anazipokea pale pale jukwaani, anazichana, anamtafutia chenji baba aliyekuja na pesa mkononi. Moja na nusu nyingine ni za viatu, kofia, na wazazi wanaopanda jukwaani kupiga picha. Mbili ni za ubishi wa urefu. Na mikanda na vyuma vya mapajani vya viti vyote 20? Nusu dakika. Kijana anapita mbio akikigonga kila chuma kwa kiganja, kama karani anayehesabu magunia bandarini, na kabla hajafika gari la mwisho mwenzake ameshaweka kidole kwenye kitufe.

Rudieni hesabu hiyo, waungwana. Pale jukwaani kuna kazi moja tu inayolinda roho ya mtoto, na hiyo ndiyo mliyoipa nusu dakika. Tiketi mmeipa tatu.

Na simlaumu kijana. Mtu anayezomewa na watu 240 lazima apunguze mahali fulani, na mahali pekee ambapo hakuna mzazi atakayelalamika ukiharakisha ni kwenye mkanda. Chenji ukiiharakisha utaambiwa mwizi. Mkanda ukiuharakisha utapigiwa makofi.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kwa hesabu kitu ambacho muuza vitumbua yeyote anakijua kwa macho: idadi ya watu walio kwenye foleni ni kasi ya kuhudumiwa mara muda wanaongoja. Watu 240, wakihudumiwa 97 kwa saa, wa mwisho anangoja karibu saa mbili na nusu, ndizo zile zile tulizosimama. Sasa tiketi ichanwe chini kabla ya ngazi. Urefu upimwe dirishani. Wanaoshuka watokee upande wa pili. Viatu vivuliwe na wanaofuata wakati wenzao wangali wanazunguka. Mkanda upeni dakika moja na nusu, mara tatu ya sasa. Ukijumlisha safari yenyewe, kushuka na kukaa, Joka litaondoka kila baada ya dakika tano: mara 12 kwa saa, na viti vikijaa ni watoto 240. Wa mwisho anangoja saa moja, na hamjaongeza hata lita moja ya dizeli kwenye jenereta kwa kila safari.

Kuhusu vile viti vitupu, tatizo ni kwamba watoto huja watatu watatu na hawataki kuachana. Viwanja vingi vya Marekani na Ulaya vina kijifoleni cha pembeni kwa aliye peke yake, anachomekwa kwenye kiti kilichobaki. Hapa kwetu konda wa daladala anaifanya kazi hiyo kutwa bila kusomea: "Nafasi ya mmoja hapa, mmoja tu, twende!" Mwajirini konda. Sitanii.

Najua kuna atakayesema mambo ya kupangiana saa kwenye tiketi ni ya Wazungu. Aliyekulia mtaa wenye bomba moja hawezi kusema hivyo, maana foleni ya ndoo anaijua. Ndoo inapangwa, mwenye ndoo anarudi kupika, na hakuna anayethubutu kuiruka ndoo ya bluu yenye mfuniko uliopasuka, kwa sababu mtaa mzima unamjua mwenyewe na mdomo wake. Walt Disney World ya Florida ililileta jambo hilo hilo mwaka 1999 ikaliita FastPass: unachukua karatasi yenye saa yako, unakwenda kula, unarudi. Ilikuwa bure miaka na miaka. Mwaka 2021 wakaweka ya kulipia badala yake, na mashabiki wa huko hawajaacha kunung'unika.

Ninyi mmeshaanza ya kulipia, ila hamjaitangaza. Idd pili, kama saa kumi na nusu, mlango wa kutokea ulifunguliwa kwa bwana mmoja aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi hadi inakata, na watoto wanne. Mlinzi alimpokea kwa mikono miwili. Yule bwana simjui na sina ugomvi naye, pengine hakuona hata ilikoishia foleni. Lakini foleni ilimwona. Mpaka dakika ile watu walikuwa wamevumilia, wanataniana, wanashikiana nafasi mtu akienda chooni. Mlango ule ulipofunguliwa, nilisikia mgongoni watu wanasogea. Baada ya hapo kila mtu alikuwa anamsukuma wa mbele yake, kuelekea ngazi ya chuma iliyojaa watoto wenye viatu vipya vinavyoteleza. Mtu akichomekea kwenye foleni ya benki ni utovu wa adabu tu. Kwenye ngazi ile ni hatari, na mlioileta ni ninyi.

Mkitaka kuuza tiketi ya haraka, iuzeni dirishani, bei ibandikwe, viti vyake vihesabike, tuseme vinne kati ya 20 na si zaidi. Mimi sitainunua. Ila nitajua niko nyuma ya nini.

Tuje kwenye hiyo mpya. Vijana wanasema itakuwa na treni mbili, na wameshapiga hesabu kwamba foleni itakatika nusu. Haitakatika. Jukwaa likibaki lile lile, treni ya pili itasimama nje ikingoja ya kwanza ichaniwe tiketi, na mtakuwa mmewatesa watoto wa aina mbili, wa juani na wa kwenye viti. Zaidi ya hapo, treni mbili kwenye reli moja ni jambo ambalo mji huu ulitakiwa kuwafundisha wengine. Reli ya kwanza ya bara hili letu la Tanzania ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896. Marehemu baba alikuwa stesheni masta kwenye njia hiyo. Nyumbani alikuwa mpole, tulimpanda mgongoni mpaka usiku, lakini kwa jambo moja hakuwa na mzaha: kipande kimoja, treni moja. Treni haitoki mpaka stesheni ya mbele ithibitishe kuwa njia iko wazi, hata abiria watukane, hata dereva awe shemeji yako.

Na rola kosta ni mtoto wa reli. Huko Mauch Chunk, Pennsylvania, kulikuwa na njia ya kuteremshia makaa ya mawe iliyojengwa 1827. Watu wakawa wanalipa nauli ili tu wateremke nayo. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akafungua yake Coney Island, New York, senti tano kwa safari, mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa. Baiskeli ya muuza mkate wa Tanga inaipita na bado anapiga kengele. Kasi ilikuja kuwezekana baadaye, hasa baada ya John Miller kupata hataza ya magurudumu yanayoshika reli kwa chini, mwaka 1919: ya juu yanabeba, ya pembeni yanaongoza, ya chini yanazuia gari lisinyanyuke kileleni. Sheria ya baba nayo imo humo humo. Reli ya rola kosta yenye treni zaidi ya moja hugawanywa vipande, na mashine hairuhusu treni kuingia kipande ambacho mwenzake hajakitoka.

Inaruhusu pale tu binadamu anapoilazimisha. Tarehe 2 Juni 2015, huko Alton Towers, Uingereza, rola kosta iitwayo The Smiler iliisimamisha yenyewe treni yenye watu 16. Mbele kulikuwa na treni tupu ya majaribio iliyokwama relini, siku ya upepo mkali. Mafundi walidhani mashine imekosea, wakaipuuza amri yake, wakaiachia treni. Ikaenda kuigonga ile tupu. Watano waliumia vibaya, na wanawake wawili vijana walikatwa mguu. Mwaka uliofuata mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5. The Smiler inawageuza abiria kichwa chini mara 14, na hiyo ni rekodi ya dunia. Hakuna hata mzunguko mmoja kati ya hiyo uliomdhuru mtu siku ile. Mashine ilisema simama, na ilikuwa kweli.

Kwenu ufunguo wa kuilazimisha mashine utashikwa na nani? Namwulizia mtu, kwa cheo na kwa zamu, si "uongozi". Na Idd mosi, watu 500 wakizomea, je, kijana wa jukwaani ataruhusiwa kusema "hapana, leo haiondoki" na kesho yake akakuta kazi yake ipo?

La pili: hiyo mashine ni mpya kiwandani, au ni mpya Tanga? Mtumba si aibu, nusu ya mji huu tumeuvaa hivi ninavyoandika. Lakini bembea ya mtumba lazima ije na daftari lake: imefanya kazi wapi, saa ngapi, imebadilishwa nini, nani alisaini. Isipokuja nalo, mmenunua vyuma chakavu vilivyopakwa rangi. Na rangi ndiyo inayonitia mashaka. Mtu yeyote mwenye baiskeli Raskazone anajua chumvi ya bahari inavyoigeuza cheni kuwa nyekundu kwa wiki moja, na kutu ya namna hiyo walau unaiona. Usiyoiona ni ufa mwembamba kama unywele kwenye kiungo cha kuchomelea, chini ya koti jipya la rangi. Mafundi wanaojua kazi husafisha rangi yote pale kwenye kiungo, wakapaka kimiminika chekundu kinachopenya, wakakifuta, wakapulizia unga mweupe, na ufa ukajichora wenyewe mwekundu juu ya weupe. Ni kazi ya taratibu na ya kuchosha, kiungo kwa kiungo. Niiteni nije kuangalia, nitaleta na wanafunzi.

Umeme kukatika hakunitishi sana. Breki za rola kosta nzuri hulala zimefunga, na nguvu inahitajika kuzifungua. Nguvu ikikosekana zinashika zenyewe. Na ule mlio wa kata-kata-kata wakati wa kupanda, unaowafanya watu waanze kusoma dua, ni meno yanayozuia treni isirudi nyuma. Ninachouliza ni kimoja: ikisimama pale juu na watoto 20, ngazi ya kuwafuata ipo? Zimamoto waiteni waje kuipanda siku ya kawaida, Jumanne asubuhi, watu hawapo.

Kusi nayo. Mtengenezaji huandika kwenye kitabu chake upepo ukifikia kiasi gani mashine isimame. Kipima upepo hakizidi bei ya matangazo mliyoyazungusha mjini kwa gari wiki mbili. Kiwekeni juu ya nguzo, na tarakimu zionekane na sisi tulioko chini, ili mkisimamisha tujue sababu na mkiendelea pia tujue.

Sheria haikosekani. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, haiwahusu wafanyakazi wenu peke yao. Inawagusa pia wasio wafanyakazi wanaoweza kudhurika na shughuli zenu, na hao ni sisi tulioko kwenye foleni. OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wapo, na Shirika la Viwango lipo. Ulaya wana kiwango chao cha mashine za namna hii, EN 13814, na Uingereza wana utaratibu uitwao ADIPS, ambapo kila mashine inakaguliwa kila mwaka na mkaguzi aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Mkishakaguliwa, cheti kibandikeni dirishani pembeni ya bei, tarehe isomeke. Cheti kilichoko kwenye droo ya meneja hakinisaidii nikiwa nimeshika mkono wa mtoto.

Kivuli na maji sitayaeleza, mnayajua. Turubai mnalo, nililiona limefunika jenereta.

Limebaki la ile nguzo ya kipimo. Idd tatu nilipomaliza kuhesabu safari, nilikwenda kuitazama nikiwa na utepe wa fundi cherehani. Mstari mwekundu umeandikwa 120. Nguzo imesimikwa kwenye mchanga, na miguu ya watoto wa siku tatu imechimba kishimo mbele yake, pale pale wanaposimama kupimwa. Niliushusha utepe kutoka kwenye mstari mpaka chini ya kishimo: sentimita 124. Aliyepimwa asubuhi ya Idd mosi na aliyepimwa jioni ya Idd pili hawakupimwa kwa kipimo kimoja.

Usiku ule nikamwita binti, nikamsimamisha kwenye fremu ya mlango wa chumbani, miguu mitupu, visigino vikigusa mbao, kitabu bapa kichwani. Dada alishika taa ya simu. Sentimita 121 na nusu. Nimepiga alama kwa penseli na kuandika tarehe, na tiketi yake nimeibandika pembeni kwa gundi. Wino umefutika karibu wote. Kinachosomeka ni bei, 3,000, na sehemu ya muhuri wenu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Ngamiani, Tanga